Angiografia ya Kidijitali ya Kutoa

Angiografia ya kidijitali ya kutoa ni njia ya kupiga mishipa ya damu picha za eksirei, ambayo kwayo kompyuta huchukua picha iliyopigwa kabla ya dawa ya iodini kupenyezwa mshipani na kuitoa katika zile zilizopigwa baadaye, hata mifupa na nyama zikatoweka, isibaki ila taswira ya mishipa yenyewe. Asili yake ni kazi ya António Egas Moniz, tabibu wa Lisbon, aliyedhihirisha mishipa ya ubongo mwaka 1927. Hesabu ya kutoa ilibuniwa kwa filamu na Mholanzi Bernard Ziedses des Plantes katika miaka ya 1930, kisha katika miaka ya 1970 Charles Mistretta na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, wakaifanya kwa tarakimu. Sharti lake kuu ni utulivu: mgonjwa huzuia pumzi, na kumeza mate tu kwaweza kuharibu picha ya shingo. Kwa sababu hiyo mishipa ya moyo, usiotulia hata lahadha moja, kwa kawaida hupigwa picha bila kutoa, ilhali mishipa ya ubongo, figo na miguu hudhihirika kwa njia hii barabara. Fadhila yake iliyo kubwa ni kumwongoza tabibu anayepitisha katheta, mrija mwembamba uingizwao kinenani au kifundoni mwa mkono, ili azibue mshipa ulioziba au azibe unaovuja.