Sakafu ya Kambi ya Mvuvi

Juma lililopita tulizungumza habari za misafara ya pembe na chumvi iliyofika Ujiji. Leo nawaombeni tuyaache mambo makubwa hayo, tutazame chini ya miguu yetu. Tutazame kile alichokikanyaga, alichokilalia na alichoanikia samaki mvuvi wa Ziwa Tanganyika. Huenda mtu akacheka, akasema: Bwana Elimu leo amekosa la kusema, atatufundisha habari za mchanga! Basi na acheke, lakini asiondoke.

Katika nchi za baridi kali, kama Finland na Kanada, maziwa huganda hata watu wakatembea juu yake. Mvuvi wa huko hubeba kibanda chepesi, hukisimamisha juu ya barafu, hutoboa tundu na kushusha ndoana. Taabu yake ya kwanza ni sakafu. Akikanyaga barafu tupu miguu hufa ganzi. Akiwasha moto barafu huyeyuka, akateleza. Kwa hiyo hutandika mbao au mikeka ya mpira, akiacha nafasi ya tundu. Ziwa letu haligandi kamwe. Maji yake ya juu huwa na joto la nyuzi 25 mpaka 27 hivi. Lakini mvuvi wa Katonga, wa Kibirizi au wa Ujiji naye ana kibanda cha kuhamahama, naye hujiuliza swali lile lile: nitandike nini?

Kwa nini ahamehame? Kwa sababu ya mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa mwanga. Zamani mwanga huo ulikuwa moto wa kuni au wa matete uliowashwa katika omo ya mtumbwi, na wavuvi waliwachota dagaa kwa wavu mkubwa wa mpini uitwao lusenga. Katika miaka ya 1950 taa za karabai zikaenea, kisha ukaja wavu wa kipe unaoshushwa na kuinuliwa kati ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Chombo kimebadilika, ila mwezi haukubadilika. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauwavuti dagaa sana, na wavuvi hupumzika au hurudi kwao. Giza likirudi, huenda kambini. Mtu anayekaa mahali juma mbili tatu tu hajengi nyumba ya matofali. Huchoma miti minne mchangani, huezeka kwa nyasi au kwa makuti ya michikichi, na ndani hutandika majani, jamvi, au wavu mkuukuu uliokwisha kazi.

Sasa tuingie katika historia. Jambo la kwanza ni kwamba sakafu yenyewe ya pwani yetu haikutulia mahali pamoja. Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871 aliiona michikichi mitatu imesimama sokoni. Aliporudi mwaka 1876 aliikuta michikichi ile imo ziwani, mbali na ukingo. Ziwa lilikuwa limepanda. Sababu yake iko ng'ambo, upande wa Kongo, ambako mto Lukuga ndio mlango wa pekee wa kutokea maji ya ziwa hili. Cameron aliuona mlango huo mwaka 1874 umezibwa na majani na matope. Karibu na mwaka 1878 kizuizi kile kikavunjika, maji yakatoka kwa nguvu, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita nyingi. Edward Hore, mmisionari na baharia aliyefika Ujiji mwaka ule wa 1878, alikuwa akiyapima maji yalivyokuwa yakishuka. Ndiyo maana leo ukisimama penye ukumbusho wa Livingstone, mahali anaposemwa walikutana na Stanley, huoni mawimbi karibu. Itakubidi utembee kwanza ndipo ufike mwaloni.

Ziwa lilipanda tena hata likafika kilele mwaka 1964, na tangu mwaka 2020 limepanda mara nyingine, likaingia nyumbani na sokoni katika miji ya pwani, Kigoma na Bujumbura pia. Mzee anayekataa kujenga nyumba ya saruji karibu na maji, akapenda kibanda cha nyasi, msimwite mjinga. Kibanda chake huhamishika.

Jambo la pili ndilo lililonifanya nilichague somo hili. Stanley ameeleza baraza ya nyumba aliyokaa Livingstone Ujiji. Ilikuwa ya udongo. Mzee yule alikalia mkeka uliotandikwa ngozi ya mbuzi, na ngozi nyingine ilipigiliwa ukutani ili mgongo usiguse udongo wa baridi. Wengi hudhani yale yalikuwa mapambo. Lakini ndani ya udongo mkavu wa nyumba zetu mlikuwa na adui mbaya kuliko baridi, nayo ngozi ya mbuzi haimzuii. Ni papasi.

Papasi ni kupe asiyekaa juu ya mwili. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na za kuta, katika vumbi kavu lisiloguswa na mvua. Usiku hutoka, hunyonya damu, na kabla ya kucha huwa amekwisha kurudi shimoni mwake. Aweza kukaa miaka bila kula, akingoja mgeni. Huleta homa inayopanda kwa siku kadhaa, ikaacha, mtu akadhani amepona. Kisha ikarudi, tena na tena. Mwaka 1905 daktari Robert Koch wa Ujerumani alikuwa katika nchi hii, na alifukua sakafu za vibanda vya njia za misafara. Akawakuta papasi katika udongo mkavu chini ya paa, wala si katika udongo uliolowa mvua. Mwaka huo huo, upande wa Kongo, Dutton na Todd walithibitisha kwamba kupe huyo ndiye mwenye kueneza homa, na Dutton mwenyewe akafa kwa homa hiyo akiwa kazini. Shauri la Koch lilikuwa jepesi: msafiri asilale katika vibanda vya zamani, bali apige hema lake mbali navyo, penye ardhi isiyokaliwa.

Hebu fikirini. Mvuvi anayejenga kibanda kipya juu ya mchanga ulioloa, akakiacha baada ya juma chache, alikuwa akilifuata shauri hilo kabla Koch hajazaliwa. Mvuvi anayerudi kila mwezi katika kibanda kile kile cha mwaka jana, mchanga wake umekauka na kuwa vumbi, huyo amewatengenezea papasi kitanda.

Mimi mwenyewe nililipata somo hili kwa gharama. Nilipokuwa kijana niliyeanza kazi nilifika mwalo mmoja jioni, mvua inakuja, na mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, usilale mle, mna wenyewe." Niliona kibanda kitupu, nikadhani anasema juu ya wenye kibanda. Nikalala. Siku kama nane baadaye nilielewa wenyewe ni nani, nikiwa nimefunikwa blanketi mbili saa sita ya mchana.

Mwenziwe papasi ni funza. Huyu si mwenyeji. Alitoka Brazil, akafika pwani ya Angola kwa meli mwaka 1872, na kwa muda usiotimia miaka 30 alikwisha kulivuka bara zima mpaka Bahari ya Hindi, akisafiri katika vidole vya miguu ya wapagazi. Yeye naye hupenda vumbi kavu. Maji yaliyonyunyizwa sakafuni na ufagio wa kila siku humpunguza; jamvi lisiloinuliwa humfuga. Kwa hiyo, ndugu, jamvi ni zuri, lakini litoeni nje juani, mlikung'ute. Majani ya kulalia yachomwe na kubadilishwa.

Sasa sakafu ya tatu, ambayo ni ya dagaa. Hapa nazungumza hasa na akina mama, maana kazi ya kuanika ni yenu. Dagaa wa Kigoma walisifiwa tangu zamani. Wakabebwa vichwani mpaka Tabora, na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 wakapanda behewa mpaka Dar es Salaam. Kwa muda mrefu walianikwa mchangani tu. Mchanga haununuliwi, lakini hushikamana na samaki, na mlaji husaga mchanga kwa meno. Wengine wakatandaza changarawe, ambayo hushika joto na haishikamani sana. Wengine wakatandaza nyavu kuukuu. Kisha ikaja chanja: miti, na juu yake wavu, kimo cha kiuno cha mtu. Upepo hupita chini, dagaa hukauka upesi, kuku na mbuzi hawafiki kwa wepesi, na mvua ya ghafula ikija mwaweza kuwafunika. Dagaa wa aina ya lumbu walipelekwa kutoka ziwa hili mpaka Ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968, na huko nako huanikwa juu ya chanja.

Mbona basi mchanga ungalipo? Nimewasikia akina mama wakijibu: chanja ni miti na wavu wa kununua, na mnunuzi wa jumla akichanganya gunia lako na la jirani aliyeanika chini, faida iko wapi? Jibu hilo lina haki. Sipendi wataalamu wanaolipuuza. Lakini ziwa lilifungwa kwa wavuvi kwa miezi mitatu tangu tarehe 15 Mei 2024, nchi zote nne za pwani zikikubaliana, kwa kuwa samaki wamepungua. Zamani mvua ilipoozesha mzigo uliotandazwa mchangani, watu walisema kesho tutavua wengine. Siku hizi yule wa kesho hana hakika.

Kabla ya kipindi kijacho, kila kikundi kimpate mzee mmoja na mama mmoja wa mwaloni. Mzee aulizwe maji yalifika wapi mwaka 1964, na mahali pale pachomwe kijiti. Mama aulizwe gunia la dagaa wa chanja lilipata bei gani safari ya mwisho, na la mchangani bei gani. Tuandikieni hesabu zote mbili.