Majeshi ya Bwana wa Majeshi

Katika Biblia, mtu wa kwanza kumwita Mungu "Bwana wa majeshi" kwa kinywa chake si mfalme wala jemadari. Ni Hana, mwanamke asiye na mtoto, anayechokozwa na mke mwenzake, akilia kule Shilo. Tangu Mwanzo hadi Waamuzi, pamoja na vita vyote vilivyomo humo, jina hilo halipo hata mara moja. Linaingia katika 1 Samweli 1, na ombi la Hana si ushindi bali mtoto wa kiume.

Neno la Kiebrania ni tsava, wingi wake tsevaot. Ni jeshi la vita, hilo halina ubishi. Lakini Mwanzo 2:1 inalitumia kwa vyote vilivyojaza mbingu na nchi. Hesabu 4 inalitumia kwa utumishi wa Walawi wa miaka 30 hadi 50, waliobeba mapazia, mbao na vigingi vya hema ya kukutania. Aliyebeba vigingi alikuwa katika tsava sawasawa na aliyeshika mkuki. Na Isaya 40:26 inatuonyesha gwaride la usiku: Mungu anazitoa nyota kwa hesabu, anaziita moja moja kwa jina, na hakuna inayokosa kuitika. Humo ndimo ulimo uwezo wa jina hili. Si wingi wa silaha, ni wingi wa viumbe vinavyotii.

Kiswahili kimelipokea wazo hilo vizuri kuliko tunavyodhani. Jeshi tulilitoa kwa Waarabu, kwao ni jaysh, kisha tukalipanua. Tanzania ina Jeshi la Kujenga Taifa tangu 1963, na humo vijana hushika jembe pamoja na bunduki. Kuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo adui yake ni moto na mafuriko. Nzige nao tunawaita jeshi, kama Yoeli alivyowaita jeshi kubwa la Mungu, na mkulima wa kaskazini mwa Kenya aliyewaona wakitua shambani mwaka 2020 hahitaji kufafanuliwa.

Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki walihangaika na lugha hii ya vita. Katika Isaya walikiacha Kiebrania kama kilivyo, Sabaoth. Kwa manabii wengine wakaweka Pantokrator, yaani Mwenyezi. Walipofika Kutoka 15:3, pale Mungu anapoitwa mtu wa vita, waligeuza kabisa wakaandika kwamba yeye ndiye avunjaye vita. Nawaelewa. Hata hivyo, nadhani walipoteza kitu, na wanaoandika leo "Mwenye Nguvu Zote" mahali pa "wa majeshi" wanapoteza kilekile. Mwenye nguvu anaweza kusimama peke yake. Mwenye majeshi ana wa kuwatuma.

Wapo wanaolipenda jina hili kwa kudhani linamweka Mungu upande wa bunduki zao. Wasome Isaya 1 na Yeremia 7. Humo Bwana wa majeshi anaigeukia Yerusalemu, mji wake mwenyewe, kwa sababu ya wajane, yatima na wageni wanaoonewa.

Na wasome Yakobo 5:4. Agano Jipya linalitaja jina hilo mara mbili tu, na Sabaoth ya Kiebrania imebaki hivyohivyo katikati ya Kigiriki: Warumi 9:29, Paulo akimnukuu Isaya, na hapa kwa Yakobo. Matajiri wamezuia ujira wa vibarua waliovuna mashamba yao, na kilio cha vibarua hao kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Mvunaji aliyedhulumiwa hana askari, hana wakili, hana hata shahidi. Analo jina hilo tu. Nawasihi wafasiri wa kesho wasimpunguzie. Waliache neno majeshi pale lilipo.