Jitu na Mtu: Uigizaji wa David Banner katika Televisheni ya Marekani, 1977–1990

Katika sarufi ya Kiswahili, jitu ni mtu yule yule aliyekuzwa: shina ni -tu, na kiambishi ji- ndicho kinachompa ukubwa na, mara nyingi, ubaya. Pamoja na ukubwa huo hubadilika pia upatanisho. Mtu ameanguka, jitu limeanguka. Nomino nyingine za viumbe hai, hata zikiwa nje ya ngeli ya kwanza, huvutwa na uhai wao na kupokea a-, kama vile kipofu amekuja au simba amenguruma. Ukuzaji, kinyume chake, huing'ang'ania li- yake, kwa kuwa ndani ya li- hiyo mna hukumu: kiumbe huyu ametolewa katika hesabu ya watu. Msimulizi anayeiacha li- na kusema jitu amelia amekwisha kumrudisha.

Tofauti hiyo ndogo yafaa kukumbukwa na mtu anayetaka kufuatilia historia ya mchezo wa televisheni ulioitwa The Incredible Hulk, ambao shirika la CBS la Marekani liliutangaza kuanzia mwaka 1977 hadi mwaka 1982. Kisa chenyewe kilitoka katika katuni zilizobuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1962: mwanasayansi aliyepigwa na mionzi ya gama hugeuka jitu la kijani kila apatwapo na ghadhabu. Aliyekabidhiwa kazi ya kukihamishia kisa hicho katika televisheni alikuwa Kenneth Johnson, mwandishi na mwongozaji, ambaye hakuwa na mapenzi makubwa na katuni. Johnson ameeleza mara nyingi kwamba siku zile alikuwa akisoma Les Misérables ya Victor Hugo, na kwamba humo ndimo alimopata umbo la kazi yake. Msomaji wa Kongo, ambaye huenda alikutana na Jean Valjean shuleni, hatashindwa kumtambua: mtu mwema anayetangatanga kwa majina ya bandia, nyuma yake akifuatwa na mwindaji asiyechoka. Javert wa Johnson ni mwandishi wa gazeti la udaku, Jack McGee, aliyeigizwa na Jack Colvin. Riwaya ya Hugo ilitoka mwaka 1862, miaka mia kamili kabla ya katuni. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayopendeza.

Ili kuupima uamuzi huo wa Johnson, inafaa kukumbuka jinsi mashujaa wa katuni walivyokuwa wakiigizwa hadi wakati ule. George Reeves, aliyekuwa Superman tangu mwaka 1952 hadi mwaka 1958, alisimama imara, mikono kiunoni, akitabasamu. Adam West, katika Batman ya mwaka 1966 hadi 1968, alitamka upuuzi kwa uso wa hakimu, na kichekesho kilikuwa humo. Waigizaji hao wawili walikuwa hodari, kila mmoja kwa namna yake, ila mhusika wao wa kipindi cha kwanza ndiye yule yule wa kipindi cha mwisho. Shujaa hakutarajiwa kukua. Mtazamaji alimfungulia mlango kila wiki kama anavyomfungulia jirani ambaye habari zake anazijua zote.

Bill Bixby, aliyepewa nafasi ya David Banner, alikuwa na umri wa miaka 43 na jina kubwa katika tamthilia nyepesi. Watazamaji walimjua kwa My Favorite Martian (1963–1966), kisha kwa The Courtship of Eddie's Father (1969–1972), ambamo aliigiza baba mjane anayemlea mwanawe. Yasemekana kwamba aliposikia jina la mchezo mpya aliukataa, na kwamba alikubali baada ya kuusoma mswada wenyewe. Jambo hilo lafahamika vizuri kwa yeyote aliyeitazama filamu ya kwanza, iliyotangazwa tarehe 4 Novemba 1977, kwa maana jitu halitokei humo ila baada ya muda mrefu, na sehemu yote inayolitangulia ni kisa cha mjane.

Filamu hiyo yaanza kwa furaha ya ndoa, kisha ajali ya gari. Mke wa Banner, Laura, amenaswa ndani. Banner anajaribu kuliinua gari na kushindwa. Baadaye, akiwa mtafiti, anawahoji watu ambao katika saa ya hatari walipata nguvu zisizo za kawaida, akiwamo mwanamke aliyeinua gari ili kumwokoa mwanawe. Hapo ndipo uigizaji wa Bixby wa mwanzo unapoonekana wazi kuliko popote. Banner anasikiliza kama mwanasayansi, kalamu mkononi, lakini swali lake la kweli ni moja, na halimo katika karatasi zake: kwa nini yeye na si mimi? Bixby analiigiza swali hilo kwa pupa. Anaongea haraka, anamkatiza mwenzake wa kazi, Elaina Marks, na usiku anajichoma mwenyewe kwa mionzi, kwa kipimo kikubwa mno kuliko alivyodhani. Banner wa mwaka 1977 ni mtu anayezitafuta nguvu. Jambo hili lasahauliwa kwa urahisi, kwa sababu Banner aliyebaki katika kumbukumbu za watu ni yule wa baadaye, anayezikimbia.

Badiliko la kwanza hutokea njiani, usiku, mvua ikinyesha, Banner akibadilisha gurudumu. Mkono wateleza, waumia, na ghadhabu yote iliyolimbikizwa tangu kifo cha Laura yamtoka mara moja. Anapiga kelele, anaupiga mwili wa gari, macho yanageuka rangi. Uigizaji huu ni wa nje kabisa: kila kinachotukia moyoni kinaonekana usoni. Kwa filamu moja ulifaa sana. Kwa mfululizo wa miaka haungefaa, na ukweli huo ulikuwa taabu kubwa ya Bixby kuanzia mwaka 1978.

Kabla ya kuifikia taabu hiyo, yabidi kusema neno juu ya mwili wa pili. Nafasi ya jitu ilipewa kwanza Richard Kiel, mtu mrefu mno, ambaye aliondolewa baada ya kazi kuanza kwa kuwa misuli yake haikutosha. Inasemwa kwamba picha yake moja fupi, iliyopigwa kutoka juu, ilibaki katika filamu. Mahali pake alichukuliwa Lou Ferrigno, bingwa wa kutunisha misuli aliyezaliwa mwaka 1951 na kupoteza sehemu kubwa ya usikivu wake tangu utotoni. Ngurumo zilitolewa na mtu mwingine, Ted Cassidy. Nafsi moja iligawanywa hivyo kwa watu watatu: mmoja uso, mmoja mwili, mmoja sauti. Johnson alikuwa ameliondolea jitu maneno yote, ingawa katika katuni lilisema, na Ferrigno hakuwa mwigizaji wa kusomea. Katika filamu ya kwanza lavunja, lainua, languruma. Hata katika mandhari ya ziwani, ambapo lamsaidia mtoto wa kike aliyeanguka majini kisha baba yake akalipiga risasi, huruma yatokana na kisa zaidi kuliko uso wa aliyeigiza. Hapa li- inastahili.

Mfululizo ulipoanza rasmi mwezi Machi 1978, ulipata kawaida yake upesi. Banner afika mji mpya kwa jina jipya, apata kazi ya mikono, akutana na watu wenye shida, kwa kawaida mara mbili katika saa moja hukasirishwa na kugeuka, mwisho huondoka. Mwigizaji aliyelazimika kukasirika mara mbili kila wiki angechosha upesi kama angeendelea na ghadhabu ya usiku ule wa mvua. Bixby alifanya jambo lililo kinyume. Kiswahili husema hasira humpanda mtu, na kitenzi ni kile kile kitumikacho kwa pepo: mtu hupandwa. Katika filamu ya kwanza Banner anapandwa ghafla. Katika mfululizo, Bixby aliigiza kule kupanda kwenyewe, hatua kwa hatua, na zaidi ya yote aliigiza jitihada za kukuzuia. Banner anashusha sauti wakati wengine wanapaza. Anarudi nyuma, anaomba aachwe, anamsihi anayempiga kwa ajili ya huyo anayepiga. Hofu imechukua mahali pa ghadhabu. Mtazamaji, ambaye ajua kitakachofuata, huanza kuutazama mkono unaokunjwa na kukunjuliwa, na pumzi inayohesabiwa. Hapo Bixby alipata faida ya miaka yake ya vichekesho, kwa maana mchekeshaji hufunzwa kungoja kabla ya neno.

Kipimo cha mabadiliko hayo ni kipindi kilichofungua msimu wa pili, Septemba 1978, kiitwacho Married. Banner aenda Hawaii kumtafuta daktari wa akili, Carolyn Fields, ili amtibu kwa kumtia katika usingizi wa kuamriwa. Daktari mwenyewe ana ugonjwa usiopona. Wanaoana, na mke afariki katika dhoruba. Mariette Hartley, aliyemwigiza daktari huyo, alipata tuzo ya Emmy mwaka 1979, na sifa hizo alizistahili. Ndani ya usingizi ule Banner na jitu wakutana ana kwa ana jangwani, jambo ambalo halikuwezekana popote pengine. Banner ajaribu kulifunga kwa nyavu na vizuizi alivyovibuni akilini mwake. Bixby aigiza mandhari hayo bila pupa ya mwaka 1977: ni mtu anayemchunga mgonjwa ambaye ni yeye mwenyewe. Na mwisho, Carolyn anapokata roho, aliye naye si Banner bali jitu, na Ferrigno ahuzunika kwa uso ambao mwaka uliotangulia hakuwa nao.

Kwa hakika maendeleo ya Ferrigno hayakusemwa ipasavyo. Mtu aliyenyimwa maneno, na ambaye tangu utotoni alizoea kuyasoma maneno midomoni mwa wengine, alijifunza kuiigiza mshangao: jitu anainamisha kichwa, anagusa kitu na kukiachia, anatazama mikono yake. Waandishi wa mchezo walimtambua, wakampa katika mwaka 1981 kipindi kiitwacho King of the Beach, ambamo aliigiza pia mtu wa kawaida mwenye tatizo la kusikia. Si kazi kubwa, ila ni heshima.

Katika msimu huo wa pili palitokea pia jaribio gumu zaidi alilopewa Bixby. Katika sehemu mbili za Mystery Man, mwaka 1979, Banner amepoteza kumbukumbu na uso wake wote umefungwa bendeji. Yumo porini pamoja na McGee, adui asiyemjua. Mwigizaji ambaye silaha yake ni uso amenyang'anywa uso. Abaki na sauti na mabega. Banner anapojikumbuka, yampasa kumweleza McGee mateso yake bila kumpa jina lake, na kwa mara ya kwanza mwindaji ajua kwamba anachokiwinda ni mtu. McGee naye, tangu siku hiyo, haigizwi tena kama kichekesho. Colvin alipokea kitu kutoka kwa mwenzake.

Haimaanishi kwamba kila kipindi kilikuwa na uzito huo. Vingi ni hafifu, majambazi wake ni wale wale, na badiliko la pili la saa mara nyingine lafika kwa sababu tu dakika zake zimefika. Katika Dark Side, mwaka 1980, Banner ajidunga dawa inayofungua ubaya wake bila kumgeuza jitu, na Bixby, akifurahia kupewa nafasi ya mwovu, azidisha. Machi 1981 Bixby alifiwa na mwanawe wa pekee, mtoto wa miaka 6. Wapo wanaopenda kuusoma msiba huo katika uso wa Banner wa vipindi vya mwisho. Usomaji huo si wa haki, kwa kuwa huzuni ile ya kujizuia ilikwisha kukamilika miaka miwili kabla.

Kitu kimoja hakikubadilika tangu mwanzo: mwisho wa kila kipindi Banner hutembea kando ya barabara, begi begani, akiomba lifti, kinanda cha Joe Harnell kikipigwa. Hata hivyo kutembea kwenyewe kulibadilika. Hapo awali ni mtu anayekwenda mahali. Baadaye ni mtu anayeondoka.

CBS iliufunga mchezo mwaka 1982 bila kumaliza kisa. Ulifufuliwa katika NBC kwa filamu tatu, mwaka 1988, 1989 na 1990, mbili za mwisho zikiongozwa na Bixby mwenyewe. Katika ile ya mwaka 1989 aanza akiwa na ndevu, amechoka, karibu hasemi. Katika ile ya mwaka 1990, The Death of the Incredible Hulk, Banner ajifanya mfagizi mwenye akili pungufu ili aweze kuingia katika maabara usiku na kuandika hesabu zake ubaoni. Bixby aigiza hapo mtu anayeigiza, na kila anapohakikisha kwamba hakuna anayemtazama, bega moja huinuka na macho hurudi. Yule aliyewakatiza wenzake kwa pupa mwaka 1977 amekwisha kuwa bingwa wa kujificha.

Filamu hiyo yaishia uwanja wa ndege. Jitu aanguka kutoka katika ndege iliyolipuka angani, alala juu ya lami, na taratibu uso wa Ferrigno wawa uso wa Bixby. Kwa mara ya kwanza badiliko halina haraka na hakuna anayelikimbia. Banner asema machache, kwamba sasa yu huru, kisha afa. Bixby aliaga dunia tarehe 21 Novemba 1993, akiwa na umri wa miaka 59, na filamu ya nne haikutengenezwa.