Kizimba Kilikuwa cha Isabella

Kama umecheki Outlaw King kwa Netflix, kuna picha moja lazima imekukaa kichwani: Florence Pugh, akiigiza Malkia Elizabeth, amefungiwa ndani ya kizimba kinachoning'inia nje ya ukuta wa ngome, kama kuku anayepelekwa sokoni. Manze, hiyo sehemu iliniuma. Halafu nikaenda kusoma historia yenyewe, na sasa inaniuma kwa sababu tofauti kabisa. Elizabeth hakuwahi kuwekwa kwenye kizimba. Aliyewekwa anaitwa Isabella MacDuff.

Filamu si mbaya, niseme ukweli. Ilitoka 2018, David Mackenzie akaiongoza, na Chris Pine ndiye Robert the Bruce, yule mfalme wa Uskoti aliyepigana na Waingereza. Inafungua na kamera isiyokata kwa dakika kadhaa, na matope yake unaweza karibu kuyanusa. Ukiiweka kando ya Braveheart ya 1995, hii imejaribu sana kuheshimu historia. Ndiyo maana hili la Isabella linanisumbua.

Stori iko hivi. Februari 1306, Robert alimdunga kisu mpinzani wake John Comyn ndani ya kanisa, kwa mji wa Dumfries. Kanisani! Wiki kama sita baadaye, tarehe 25 Machi, akatawazwa mfalme kule Scone. Lakini kulikuwa na shida. Kwa desturi ya Waskoti, mfalme huketishwa kitini na mtu wa ukoo wa MacDuff, mabwana wa Fife. Bwana wa Fife wakati huo alikuwa bado kijana, na alikuwa mikononi mwa Waingereza. Basi Isabella, jamaa yake wa damu, akaamua atakwenda yeye.

Sasa sikiza. Mume wa Isabella alikuwa bwana wa Buchan, naye pia aliitwa John Comyn, ndugu wa ukoo wa yule aliyeuawa kanisani. Mume yuko upande wa mfalme wa Uingereza na anataka damu ya Robert. Mke anapanda farasi kwenda kumtawaza huyo huyo Robert. Akafika akiwa amechelewa, sherehe imeisha, na wakairudia kwa sababu yake. Kwani mfalme mwenye taji tayari anatawazwa tena kwa nini? Kwa sababu bila mkono wa MacDuff wangeendelea kumwita muuaji aliyejipachika cheo. Upanga haukuweza kumpa kitu hicho. Isabella alimpa.

Mwaka huo huo Robert akashindwa vitani, wanawake wake wakakimbilia kaskazini na kukamatwa kule Tain. Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, akatoa amri ambayo bado imehifadhiwa: Isabella ajengewe kizimba cha mbao na chuma katika mnara wa ngome ya Berwick, kiwe na choo ndani, na wa kumhudumia wawe wanawake Waingereza tu. Alikaa humo miaka minne hivi. Mary, dada yake Robert, alipata adhabu kama hiyo kule Roxburgh. Marjorie, binti ya Robert, alikuwa mtoto tu. Edward alitaka naye afungiwe kizimbani London, kisha akabadili nia akampeleka kwa watawa.

Na Elizabeth? Baba yake alikuwa bwana mkubwa wa Ulster, rafiki wa Edward. Basi akafungiwa kwenye nyumba kule Burstwick, akalindwa na wanawake wazee ambao amri ilisema wasiwe watu wa kuchekacheka. Kifungo ni kifungo, lakini si kizimba, msee.

Najua utetezi: muvi ni saa mbili, huwezi kuweka kila mtu. Sawa. Mimi sina noma na Mwanamfalme Edward kupigana Loudoun Hill mwaka 1307, ingawa jeshi la Uingereza siku hiyo liliongozwa na Aymer de Valence. Sina noma pia na baba yake kufa kabla ya vita hivyo, wakati ukweli ni kwamba alikufa miezi miwili baadaye. Hayo ni ya kunogesha. Lakini Isabella aliadhibiwa kwa kitendo chake mwenyewe, cha siasa, alichokichagua akijua mume na ukoo wa mume watakuwa maadui zake. Ukichukua kizimba chake ukampa mke wa shujaa, inageuka stori ya mapenzi: mwanamke anateseka kwa sababu ya mume. Ati tumlilie bibi ya Robert, na aliyemfanya Robert mfalme tumsahau.

Mwaka 1310 Isabella alitolewa kizimbani akapelekwa kwa watawa, na 1313 akakabidhiwa kwa mlinzi mwingine. Mwaka uliofuata Robert alishinda Bannockburn, akabadilishana mateka, na Elizabeth, Mary na Marjorie wakarudi nyumbani. Isabella hatajwi kati yao. Baada ya 1313 jina lake halionekani tena popote, pengine alikuwa ameshafariki.

Mimi ningetoa vita yote ya Loudoun Hill, farasi na matope yake, nipewe dakika 10 za huyo mwanamke akiwa njiani kwenda Scone, akijua amechelewa.