Nani Analipia Picha Hujaiona?

Muuza mitumba wa Daraja Mbili akija sokoni na mizigo mitatu, hafungui yote mara moja. Anafungua mmoja, anaumwaga kwa turubai, watu wanainama kuchagua. Ile mingine inabaki imefungwa mpaka huu wa kwanza upungue. Na hakuna mtu humwita mvivu.

Kwa tovuti, tabia hiyo hiyo inaitwa kulodi picha kivivu. Picha iliyo mbele ya macho yako ndio inakuja. Zile za chini zinangoja mpaka kidole chako kikaribie kuzifikia, na usipofika huko haziji, bando yako haiguswi. Waundaji tovuti huizungumzia kama mbinu ya kasi. Mimi naiona kama swali la pesa, tena swali limetuzidi umri wengi wetu: nani analipia picha ambayo hakuna mtu aliitazama?

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 25 Februari 1993, kijana Mmarekani anaitwa Marc Andreessen aliandikia wenzake barua pepe akipendekeza alama mpya, IMG, ya kuweka picha katikati ya maandishi ya ukurasa. Kivinjari chake, Mosaic, kikaibeba, na wavuti ukapendeza ghafla. Ukawa mzito ghafla pia. Ndio maana vivinjari vya miaka hiyo, kama Netscape, vilikuwa na mahali pa kuzima picha. Maandishi yanakuja kwanza, ukitaka picha unaiitisha. Yaani ule uvivu ulifanywa na wewe mwenyewe, kwa mkono.

Sasa fikiria hiyo picha ikisafiri kuja Kenya. Hadi 2009 hatukuwa na kebo ya baharini ya intaneti hata moja. Kila kitu kilipanda setilaiti, na megabiti moja kwa sekunde iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Halafu kuna hii: barua pepe ya kutoka mteja wa kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine hapo hapo Nairobi ilipanda angani, ikazunguka ng'ambo, ndio irudi. Kampuni hizo zilijaribu kutibu huo ujinga mwishoni mwa 2000 kwa kuanzisha KIXP, kituo cha kubadilishana data hapa nyumbani. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake, ikalalamika. Tume ya mawasiliano ya wakati huo, CCK, ikakifunga Disemba mwaka huo huo, na hakikufunguliwa tena hadi Februari 2002. Zaidi ya mwaka mzima watu wakalipia safari ya angani kuongea na jirani! Hiyo hunikera mpaka leo, na mimi hata sikuwa nimezaliwa.

Wakubwa wetu hapa Kisii waliosomea barua pepe saiba wanaijua hesabu yake, kwa sababu walilipia dakika. Mjomba wangu husema alikuwa anaandika barua yote kwa karatasi nyumbani, halafu anaingia saiba kuinakili mbio mbio. Picha ikianza kushuka mstari kwa mstari, kutoka nywele hadi kidevu, kila mstari ulikuwa unatoka mfukoni mwake.

Kisha kebo zikafika. TEAMS, kutoka Fujairah kule Falme za Kiarabu, ilitua Mombasa Juni 2009. SEACOM ikaanza kazi Julai, EASSy ikafuata 2010. Wengi husimulia hapo kama mwisho wa hadithi, ati bei ilishuka, tukafurahi. Mimi nasema mzigo ulihamishwa tu. Barabara ikipanuliwa, malori nayo huongezeka ukubwa, na kurasa za tovuti zilinenepa vile vile. Anayeunda tovuti ako na waifai ya ofisi, hasikii uzito. Anayeusikia ni yule amenunua bando ya saa moja na dakika zinahesabika.

Kuna kisa hapa napenda sana. Chris Zacharias, aliyekuwa mhandisi wa YouTube, alisimulia 2012 vile ukurasa wao wa video ulikuwa umefika megabaiti 1.2. Akaupunguza hadi kilobaiti 98. Alipoutoa kwa watu kadhaa na kuangalia namba, wastani wa muda wa kufunguka ulikuwa umeongezeka. Umeongezeka! Kumbe watu wa Afrika, Amerika Kusini, Asia ya Kusini-Mashariki na hata Siberia walikuwa wameanza kuingia. Huo ukurasa mwepesi uliwachukua zaidi ya dakika mbili kufunguka, lakini ule wa zamani ungewachukua zaidi ya ishirini, kwa hivyo hakuna mtu alikuwa anangoja. Walikuwa hawahesabiwi kabisa.

Dawa yetu sisi wa simu ndogo ilikuwa Opera Mini, iliyotolewa kwa dunia nzima Januari 2006. Ukurasa unapitia kwa seva zao, unabanwa, unakufikia mwembamba, na picha ungeweza kuzizima. Waundaji tovuti nao walikuwa wanabandika JavaScript yao ya kuchelewesha picha, kila mtu na yake. Ilibidi tungoje hadi Julai 2019 ndio Chrome 76 iweke jambo hili ndani ya kivinjari chenyewe. Unaongeza loading="lazy" kwa ile alama ya picha, umemaliza. Firefox ikafuata 2020, Safari 2022. Hesabu mwenyewe: miaka 26 kutoka barua ya Andreessen hadi kivinjari kijue kungoja.

Na bado si haki kamili. Chrome haingoji picha ifike machoni, huanza kuileta ikiwa bado iko chini. Kwa 4G huanza pikseli 1250 kabla, na kwa 3G au mbaya zaidi, pikseli 2500. Sababu inaeleweka: mtandao ukiwa wa pole, lazima uwahi. Lakini pia ina maana kwamba mwenye mtandao duni huletewa picha nyingi zaidi ambazo huenda asizifikie. Ukiwa ndani ya matatu ya Keroka na mtandao upotee kwa kona, hata hizo hazitoshi, unabaki na viboksi vya kijivu.

Machi 2022 Google ilizima Lite mode, ile hali ya Chrome ya kuokoa data. Sababu moja walitoa ni kwamba gharama ya data imeshuka kwa nchi nyingi. Imeshuka, sikatai. Ila "nchi nyingi" haiendi dukani kununua bando. Mtu ndiye huenda.

Binamu yangu anauza vinyago vya mawe ya sabuni kutoka Tabaka. Aliundiwa tovuti yenye picha 40, kila moja kama megabaiti tatu, zote zikija pamoja. Mteja anafungua, anaangalia viboko wawili wa juu, anaondoka. Amelipia vinyago 40. Mwezi uliopita tulikaa na binamu tukazibana zote, tukaweka uvivu kwa picha 38. Zile mbili za kwanza tumeziacha zije haraka, maana picha ya juu kabisa ukiifanya mvivu mteja anakaa kukodolea nafasi tupu. Aliyeunda hiyo tovuti alituambia hajawahi kusikia mteja akilalamika. Angesikiaje, na wale wa kulalamika hawakuwahi kuuona ukurasa ukifunguka?

Uko na tovuti ya duka? Nitumie. Nitaipima uzito nikuambie mteja wako anakatwa ngapi kabla hajaona bei.