Je, Huu ni Uungwana? Leonard Mambo Mbotela na Historia ya Neno Moja

Miongoni mwa watangazaji waliopata kukitumia Kiswahili katika redio za Afrika Mashariki, ni wachache waliowachokoza wasikilizaji wao kwa muda mrefu kama Leonard Mambo Mbotela wa Kenya. Silaha yake haikuwa tusi wala kejeli ya kisiasa. Ilikuwa ni sentensi ya maneno manne, aliyoanza kuitamka hewani mwaka 1966 na kuendelea nayo kwa zaidi ya nusu karne: Je, huu ni uungwana? Alipofariki tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84, wengi walimwomboleza kama mwalimu wa adabu. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Inaacha kando swali la kihistoria lililo zito zaidi: ni nani, katika pwani ya Kenya, aliyekuwa na mamlaka ya kuamua lipi ni uungwana na lipi sio, na ilikuwaje mamlaka hayo yakaangukia mikononi mwa mjukuu wa mtumwa?

Hapana budi kuanza na neno lenyewe. Kamusi ya Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, ilichapishwa London mwaka 1882. Ile ya Frederick Johnson ilitoka mwaka 1939. Katika zote mbili muungwana ni mtu huru, kinyume cha mtumwa. Adabu, elimu na heshima ni maana zilizoambatana na hiyo ya kwanza, kama kivuli kinavyomfuata mwenyewe. Katika miji ya Lamu, Mombasa na Pate, muungwana alikuwa mtu wa nasaba inayojulikana, mwenye nyumba ya mawe au angalau jamaa walio nayo. Mtumwa aliweza kuwa mpole, mwaminifu na msemaji hodari kuliko bwana wake, na bado asihesabiwe kuwa muungwana. Uungwana ulirithiwa.

Hata hivyo, neno hilo halikutulia mahali pamoja. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ililibeba hadi bara, na huko wapagazi na wafuasi wa wafanyabiashara wa pwani, ambao baadhi yao walikuwa watumwa hasa, walijiita waungwana na wakaitwa hivyo na wenyeji. Kiswahili cha Kongo kilipata jina la Kingwana kutokana na watu hao. Huku pwani, chini ya utawala wa Masultani wa Zanzibar, neno ustaarabu lilianza kulipokonya uungwana nafasi yake ya juu. Kwa hiyo, utumwa ulipopigwa marufuku kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, neno uungwana lilikuwa tayari limeanza kulegea kwenye mashina yake. Lakini kulegea si kung'oka. Wazee wa pwani waliendelea kujua nani ni nani.

Mbotela alizaliwa mwaka 1940 katika jamii ambayo suala hilo liliigusa moja kwa moja. Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa upande wa kaskazini, ilianzishwa na Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza mwaka 1875, baada ya mkataba wa 1873 ambao Sultani Barghash alilazimika kuutia sahihi. Jina lake limetokana na Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza katika mazungumzo hayo. Walioletwa hapo ni mateka waliokombolewa na manowari za Waingereza baharini: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Kengele iliyotundikwa kuwatahadharisha hatari inapokaribia ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni. Watu hao hawakuwa na lugha moja, hivyo Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani mwao katika kipindi cha kizazi kimoja au viwili. Walikitwaa Kiswahili chote, pamoja na msamiati uliowatenga.

Babu yake Mbotela alikuwa mmoja wa mateka hao, kutoka nchi iitwayo leo Malawi. Baba yake, James Juma Mbotela, aliandika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934 na ambacho wanafasihi wengi hukitaja miongoni mwa kazi za mwanzo za nathari ya Kiswahili zilizoandikwa na Mwafrika. Wahakiki wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina msingi. Katika kitabu hicho uhuru huja kwa manowari; mtumwa ni wa kupokea na kushukuru. Ila si haki kumtaka mtoto wa aliyetolewa katika tumbo la jahazi aizungumzie manowari hiyo kama mwanaharakati wa miaka ya 1960. Lililo muhimu hapa ni kwamba baba aliandika juu ya uhuru uliotolewa na mtu mwingine. Mwana alishika njia nyingine.

Baada ya muda mfupi katika uandishi wa magazeti, Mbotela alijiunga mwaka 1964 na Sauti ya Kenya, jina lililotumiwa na shirika la utangazaji la nchi hiyo hadi mwaka 1989. Alikuwa pia mtangazaji wa mpira mwenye kupendwa. Kipindi chake cha uungwana kilikuwa na muundo mwepesi: kisa cha kawaida kinasimuliwa, cha mgeni abishaye hodi wakati wa chakula au abiria asiyejali wenziwe, kisha swali linaulizwa.

Sarufi ya swali hilo yastahili kutazamwa kwa makini. Mtangazaji hakuuliza, 'Je, huyu ni muungwana?' Nomino ya ngeli ya watu ingemrudisha msikilizaji kwenye ukoo: huyu ni nani, mwana wa nani? Yeye alichagua nomino dhahania ya U-, akaitanguliza kwa kionyeshi cha karibu, huu, chenye kunyoosha kidole kwenye tendo lililo mbele ya macho. Mtendaji aliachwa nje ya sentensi. Methali isemayo kwamba muungwana ni vitendo ilikuwapo, lakini methali hutamkwa na kupita. Redio iliirudia hoja hiyo juma baada ya juma, hadi Turkana na Kisumu ambako hakuna aliyewahi kuulizwa kama babu yake alikuwa na nyumba ya mawe Lamu. Kwa namna hiyo uungwana ulikoma kuwa urithi ukawa mtihani, na msahihishaji alikuwa mtu ambaye, kwa fasili ya Krapf, ukoo wake usingeruhusiwa hata kuufanya.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Anga walioasi chini ya Hezekiah Ochuka walimtoa Mbotela nyumbani kwake Nairobi, wakampeleka studio na kumwamuru atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Akatangaza. Saa chache baadaye majeshi yaliyomtii Rais Daniel arap Moi, yakiongozwa na Jenerali Mahmoud Mohamed, yalikikomboa kituo, na sauti ileile ikawaarifu wananchi kwamba serikali ingali madarakani. Waasi walimtafuta yeye kwa sababu sauti yake iliaminika. Neno mtumwa, ikumbukwe, ni mtu anayetumwa. Na siku ile mtu aliyeulizia uungwana wa wengine alitumwa mara mbili, na mtutu wa bunduki ukiwa karibu. Hapana mwenye akili timamu awezaye kumlaumu.

Lawama inayoweza kujadiliwa ni nyingine. Mbotela alikuja kutumika katika Idara ya Habari ya Rais, na katika miaka ya chama kimoja kipindi chake kilimhoji abiria, si waziri. Alichokoza pale palipochokozeka. Lakini swali halikuwa na jina la mtu ndani yake, na hilo ndilo lililoliwezesha kuhama. Vyama vingi viliporejea Kenya mwaka 1991, na redio za binafsi zilipofuata, Wakenya walikuwa na sentensi iliyokwisha kukomaa vinywani mwao. Wamekuwa wakiielekeza kwa wabunge, kwa polisi na kwa mawaziri, kwa maneno yaleyale manne, mara nyingi wakiigiza hata sauti ya mwenyewe.