Wembe Kando ya Jicho: Kope, Nyusi na Chale Karatu na Ngorongoro

Mdatoga akiingia mnadani Karatu hana haja ya kujitambulisha. Chale zilizopangwa kwa mviringo kuzunguka macho yake, mara nyingine duara mbili au tatu, moja nje ya nyingine, hutangulia jina lake. Wake kwa waume wanazo. Huchanjwa ujanani, ngozi ikikatwa kidogo kidogo ili kila jeraha likipona liache kipele kilichoinuka, na kazi yao ya kwanza ni urembo. Ya pili ni kutambulisha mtu ni wa nani, jambo lisilo dogo katika nchi ambamo Wairaqw, Wamasai, Wahadzabe na Wadatoga wamegawana, na pengine kugombea, maji na malisho kwa vizazi vingi. Naanza na chale hizi kwa sababu kuna maelezo yaliyozoeleka sana katika mipango ya afya ya macho, kwamba mfugaji wa kaskazini haendi kupasuliwa kope kwa kuwa anaogopa kisu karibu na jicho. Historia ya Karatu na Ngorongoro inakataa maelezo hayo. Watu wa hapa wamekuwa wakikata na kuchoma ngozi ya uso muda mrefu kabla ya daktari wa kwanza kufika, na walijua wanafanya hivyo kwa nini. Walichokipima kabla ya kukubali wembe kilikuwa mambo mengine: nani anaushika, faida yake itaonekana lini, na nani atabaki na ng'ombe na watoto siku za kupona.

Alama za uso hapa zina historia ya ardhi ndani yake. Wadatoga walikuwa wakiishi nyanda za juu za Ngorongoro, Kreta ikiwemo, mpaka Wamasai walipowasukuma kusini katika karne ya 19, kuelekea Ziwa Eyasi, Mbulu na Hanang. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipoingia Kreta Machi 1892 aliwakuta Wamasai, tena katika hali mbaya: sotoka ilikuwa imemaliza mifugo yao, na aliandika habari za watu waliobaki mifupa kwa njaa. Wadatoga walikwisha kuondoka, ila makaburi ya wakubwa wao yalibaki bondeni na kizazi baada ya kizazi kimeendelea kuyazuru. Watu waliopoteza ardhi namna hiyo walikuwa na sababu ya kushika sana alama ambayo hainyang'anyiki. Ndiyo maana sikubaliani na wanaozieleza chale za macho kama pambo tu, la kuonewa haya au la kupigwa picha na watalii. Zilikuwa uamuzi wa jamii juu ya mwili, uliofanywa kwa maumivu na kwa hesabu.

Wamasai nao wana yao. Ndewe za masikio hutobolewa na kupanuliwa, na watoto wengi hubeba duara dogo la kovu la moto kwenye kila shavu, chini ya jicho. Wenyewe hutoa maelezo zaidi ya moja: wapo wanaosema ni alama ya jamii, na wapo wanaosema humkinga mtoto na maradhi ya macho. Hapa mpaka kati ya urembo na tiba unafutika kabisa, na wala si kwa sababu watu hawajui tofauti. Alama moja inafanya kazi mbili. Tiba yenyewe haijathibitishwa na daktari yeyote, hilo lisemwe wazi. Lakini inaonyesha kwamba ugonjwa wa macho ulikuwa tatizo lililotambuliwa, lililotafutiwa dawa, na dawa hiyo ilikuwa ya moto, usoni, sentimita chache tu kutoka kwenye jicho la mtoto. Serikali nayo iliwahi kuingilia mwili wa mfugaji kutoka upande wake. Katika miaka ya 1967 na 1968 mkoa wa Arusha uliendesha kampeni ya kuwalazimisha Wamasai waache mavazi ya ngozi na rangi nyekundu na kuvaa suruali na magauni. Mtu aliyeambiwa na ofisi ya serikali kwamba sura yake ni aibu ya taifa, kisha baada ya miaka kadhaa ofisi nyingine ikamwita apasuliwe jicho, ana haki ya kuuliza maswali mawili matatu kabla ya kupanda gari.

Ugonjwa wenyewe ni trakoma, ambayo wengi huiita vikope. Husababishwa na bakteria anayepita kwa vidole, kwa kanga inayofuta nyuso za watoto wanne mfululizo, na kwa nzi wanaotafuta machozi na kamasi. Mtoto akiambukizwa mara moja hupona. Akiambukizwa tena na tena kwa miaka, upande wa ndani wa kope la juu hujaa makovu, kope hujikunja kuelekea ndani, na nywele zake huanza kukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Hapo si bakteria tena anayepofusha, ni nywele. Nchi kavu yenye mwendo mrefu wa kufuata maji ndiyo inayolea ugonjwa huu, na nyanda za wafugaji za Ngorongoro, Longido na Monduli ni miongoni mwa sehemu za mwisho nchini ambako bado upo. Wengi hulaumu zizi la ng'ombe, na kwa macho lawama hiyo inaeleweka. Hata hivyo utafiti uliofanywa Gambia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba nzi anayependa macho ya watu hutaga zaidi kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi kuliko kwenye samadi, na kwamba vyoo hupunguza nzi hao usoni. Ng'ombe amesingiziwa sehemu kubwa ya kesi. Wanaopata nywele za kope kuingia jichoni ni wanawake karibu mara mbili ya wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaolala na kushinda na watoto wanaobeba maambukizi.

Kabla ya daktari kulikuwa na kibano. Ni kipande kidogo cha chuma kilichokunjwa, hata hufungwa kwenye uzi na kuning'inizwa shingoni kisipotee, na mama au binti humng'olea mwenzake nywele moja moja akiwa amemwelekeza kwenye mwanga. Kung'oa nywele za kope ni dawa ya kale mno. Maandishi ya matibabu ya Misri, yaliyoandikwa zaidi ya miaka 3500 iliyopita, yanaitaja. Udhaifu wake unajulikana: nywele hurudi baada ya wiki chache, na zinapochipua zikiwa fupi na ngumu huchoma kuliko mwanzo. Lakini kuliita tendo hili ujinga ni kukosa adabu na ni kukosa ukweli pia. Majaribio yaliyofanywa Ethiopia kwa watu wenye nywele chache tu zilizoingia ndani yalionyesha kwamba kung'oa vizuri, kwa kibano kizuri na kwa mtu mwenye macho makali, kunaweza kumhifadhi mgonjwa asiyetaka kupasuliwa, ingawa upasuaji huacha nywele chache zaidi. Kwa hiyo mama anayechagua kibano badala ya kisu hachagui kati ya akili na ushirikina. Anachagua kati ya tiba dhaifu iliyo mkononi na tiba imara iliyo mbali.

Umbali huo ni wa kweli. Hospitali ya Wasso, Loliondo, ilianzishwa miaka ya 1960, na ya Endulen ikafuata miaka ya 1970, zote kwa juhudi za Herbert Watschinger, padre na daktari kutoka Austria. Karatu ikawa na hospitali ya Walutheri, na kazi ngumu za macho zikapelekwa hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa 1971. Upasuaji wa kope wenyewe si kazi ya Moshi. Huchukua kama robo saa au zaidi kidogo, kwa sindano ya ganzi kwenye kope, na unaweza kufanywa na mtabibu au muuguzi aliyefunzwa, juu ya meza safi ya zahanati. Njia kuu ni mbili. Katika ya kwanza kisu hupita unene wote wa kope, ngozi ikiwemo, milimita tatu hivi juu ya ukingo wenye nywele, kisha nyuzi hukazwa ili ukingo ugeuke nje. Hii ndiyo iliyopendekezwa kimataifa baada ya majaribio ya Oman mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi ambayo mwaka 2012 ilikuwa ya kwanza duniani kuthibitishwa kuwa imeiondoa trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Katika njia ya pili kisu hukata upande wa ndani tu, ngozi ya nje haikatwi. Jaribio kubwa la Ethiopia lililochapishwa 2016, la watu 1000, lilikuta kwamba baada ya mwaka mmoja nywele zilirudi kwa asilimia 13 ya waliofanyiwa njia ya pili, na asilimia 22 ya waliofanyiwa ya kwanza. Muhimu kwa hoja yangu ni hili: tofauti ya njia hizo mbili ipo kwenye nywele zinazorudi, na ipo vilevile kwenye sura. Mkato wa nje huacha mshono, na mshono ukikazwa vibaya kope hubaki na pengo au mawimbi ambayo jirani huyaona kabla ya kuuliza hali ya jicho. Kijijini mgonjwa mmoja aliyerudi na kope lililopinda huzima hamu ya wengine wengi.

Hapo ndipo swali la wakazi wa miji, la wanaolipia kupunguziwa ngozi ya kope au kuinuliwa nyusi, linapofanana na la boma la Ngorongoro kuliko watu wanavyodhani. Mzee ambaye macho yake yanaonekana yamefunikwa huenda ana ngozi iliyolegea juu ya kope, au huenda nyusi zenyewe zimeshuka na kuisukuma ngozi hiyo chini. Daktari makini hubaini kwa kumwambia atulize paji la uso, kisha anainua nyusi kwa kidole hadi zilipokuwa zamani. Kope likifunguka lenyewe, kukata ngozi ya kope hakutaponya kitu. Tena kutaharibu: ngozi ikipungua, nyusi huvutwa chini zaidi. Upasuaji wa kope una umri wa miaka 200 hivi katika tiba ya Ulaya, na wa kuinua nyusi ulianza kuandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, lakini kosa la kukata palipo karibu badala ya palipo na tatizo ni la zamani kuliko yote mawili. Aliyekuwa akichanja chale za Kidatoga alijua mahali pa kupita na mahali pa kukwepa. Kope hakuligusa.

Pingamizi la kwanza lina uzito. Chale hukatwa kwenye ngozi ya nje, huvuja damu kidogo, mtu akiwa kijana na rafiki zake wamemzunguka. Kupasuliwa kope ni kulala chali mbele ya mgeni, taa usoni, jicho likiwa limefunikwa siku nzima baadaye. Kuzoea kimoja hakumzoeshi mtu kingine. Nakubali, na sisemi kwamba hofu haipo. Ninachosema ni kwamba hofu haitoshi kueleza takwimu. Kongwa, Dodoma, mahali trakoma ilipochunguzwa kwa miongo kadhaa kuliko karibu popote Afrika, watafiti wa miaka ya 1990 waliwafuata wanawake wenye nywele za kope zilizoingia ndani, walioambiwa wakapasuliwe, wakakuta walio wengi hawakwenda, na sababu kubwa zilikuwa gharama, umbali na kazi za nyumbani zisizo na wa kuzishika. Wagogo wa Kongwa hawachanji duara kuzunguka macho, Wadatoga wanachanja. Matatizo yao mbele ya upasuaji yanafanana. Tofauti ya mila haikuleta tofauti ya matokeo.

Pingamizi la pili hutoka kwa watu wa afya wenyewe: kuchanganya urembo na upofu ni kuufanya ugonjwa mzito uonekane jambo la kujipamba. Siafiki. Wanawake hupima sura yao wakiamua mambo ya jicho, na mpango usiotaka kusikia hilo hupoteza wagonjwa kisha huandika kwenye ripoti kwamba walikataa. Njia ya pili ya upasuaji, isiyoacha mkato nje, ina hoja mbili kwa mpigo mbele ya mama wa Ngorongoro, ya nywele na ya uso, na sioni kwa nini ya pili isemwe kwa aibu.

Mengi yamebadilika tangu Tanzania ilipokuwa miongoni mwa nchi tano za kwanza kupewa azithromaisini ya msaada, dawa ya kuua bakteria wa trakoma, mwishoni mwa miaka ya 1990. Rombo, Kilimanjaro, kijiji kimoja kilimezeshwa dozi moja na maambukizi yakaporomoka karibu kabisa kwa miaka miwili. Ghana, Morocco na Malawi zimeshathibitishwa kuuondoa ugonjwa kama tatizo la afya ya jamii. Ngorongoro bado, na ugumu wake sasa ni wa hesabu ndogo: nyuzi za upasuaji hutolewa baada ya wiki moja au mbili, wakati mgonjwa wa kiangazi anaweza kuwa amekwisha kuhamia malisho mengine, au tangu 2022 amehamia Msomera, Handeni, mamia ya kilomita kutoka kwa mtabibu aliyemshona.